Kutoka Migori hadi Homa Bay kwa baiskeli
Wapenda baiskeli husafiri hadi majangwa ya nyanda za juu za Marekani, hema na maji vimefungwa kwenye fremu, ili walale pasipo na mtu. Kenya nayo imeanza kuwavuta: mbio za Migration Gravel Race, zilizoanza 2021, huwapitisha waendeshaji karibu kilomita 650 za vumbi na mawe pande za Maasai Mara kwa siku nne. Njia tamu zaidi, ukiiuliza safu hii, iko magharibi na haina medali: kutoka mji wa Migori hadi Thimlich Ohinga, kama kilomita 46, kisha kando ya Hifadhi ya Ruma mpaka Homa Bay. Kuta za Thimlich zilijengwa kwa mawe matupu, bila saruji, na UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ukishapita Thimlich, raha hupungua. Bonde la Lambwe, ilimo Ruma, si jangwa, lakini lina adhabu zake. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kwenye matairi hadi magurudumu yanagoma, na msafiri huibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba. Mbung'o nao hukimbilia kitu kinachotembea na huvutiwa na rangi ya buluu (mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo), kwa hiyo fulana ya buluu ibaki nyumbani. Wachuuzi wa omena hawahitaji somo hili. Wao hupakia magunia kwenye baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia na kuondoka alfajiri. Kaunti za Migori na Homa Bay zianze kwa kuwauliza wao njia, kisha zichapishe ramani inayoonyesha visima vya maji.