Kabla Hujajisifu, Jicheke

Ndugu zangu, wazee walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana mtu wa kwetu akitaka kuandika tangazo la kutafuta mchumba, aibu inamshika, na akishaishinda anaandika kama anaomba kazi: "Kijana msomi, mtanashati, mcha Mungu, mwenye maisha mazuri Uingereza, anatafuta binti mrembo na mnyenyekevu." Basi! Ukisoma matangazo kumi ya namna hiyo, umesoma moja. Na dada zangu msicheke sana, "mpole, mcheshi, najua kupika" nayo imeshachuja.

Ushauri wangu ni mfupi: jicheke kwanza.

Kujisifu si ugonjwa wetu peke yetu. Hapa London, mwaka 1695, katika gazeti la John Houghton la kilimo na biashara, bwana mmoja wa miaka kama 30 alitangaza kwamba ana mali nzuri na anataka binti mwenye utajiri wa pauni 3,000 hivi. Umri wangu kabisa, ila hiyo mali ndiyo sina. Miaka mia tatu baadaye, 1998, jarida la London Review of Books lilianzisha safu ya wachumba, na wasomaji wake wakageuza mambo: umri, miili yao na ndoa zilizovunjika, vyote wakavitaja kwa mzaha. David Rose, aliyeianzisha safu hiyo, akayakusanya matangazo hayo katika kitabu, They Call Me Naughty Lola, mwaka 2006.

Kuna atakayesema huo ni uzungu. Wapi! Sisi tuna utani. Mngoni na Mhehe, ambao babu zao walipigana vita karne ya 19, leo wanataniana mpaka msibani. Utani unasema ukweli bila kuvunja udugu. Hapa nakuomba tu uwe mtani wa nafsi yako.

Sisi mainjinia tunalielewa hili. Ndani ya lifti kuna kibao: watu 8, kilo 630. Hakuna anayeidharau lifti kwa kutaja mwisho wa uwezo wake; ya kuogopa ni ile isiyo na kibao. Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: "Injinia, miaka 30, bado mwanafunzi. Madaraja nayapigia hesabu vizuri, ila ugali wangu unaweza kujengea nguzo zake. Jumamosi nabeba boksi. Usafiri upo: una ghorofa mbili na dereva wake. Chumba ni kimoja. Mgeni hukaa kitandani, mwenyeji juu ya sanduku."

Mnacheka, lakini binti akisoma hayo anajua anakoingia. Yule wa Dodoma au Kisumu aliyesoma "maisha mazuri Uingereza" anajenga ghorofa kichwani. Akifika anakuta chumba cha kupanga, baridi, na mume anayetoka saa nne usiku kwenda zamu. Mama yake yuko mbali, nauli ya kurudi hana, na mara nyingi hata viza yake inategemea ndoa hiyo hiyo. Hapo hakuna anayecheka tena.

Ila mzaha nao una mipaka. Kitambi na ugali, sawa. Mke uliyemwacha nyumbani, mtoto, matokeo ya vipimo vya damu, au kwamba unachotafuta hasa ni karatasi za kuishi huku: hayo yasemwe makavu, bila kichekesho. Mzaha unaoficha ni uongo uliopakwa sukari. Na ujicheke wewe, usimcheke unayemtafuta. "Wanene msijisumbue" si ucheshi, ni tusi.

Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini huku ugenini hakuna shangazi wa kukupigia debe kwa majirani. Jitembeze tu, ila tembea na kibao chako.

Naomba kutoa hoja.