Majina ya Sayari Yapimwe kwa Darubini, Hata Chini ya Mawingu ya Gusii

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa jina la sayari yenye pete, huenda akajibu Zohali. Mwenzake aliyeketi kando yake atajibu Sarateni. Wakiulizwa Utaridi ni sayari ipi, mmoja ataitaja iliyo karibu zaidi na jua, na wa pili ataitaja Pluto, iliyo mbali kupindukia. Wote wawili wameyasoma majibu yao vitabuni. Hili si suala la lahaja wala la ladha ya mwandishi. Ni kosa la istilahi, na limedumu kwa sababu wengi wetu tumeyakariri majina ya sayari bila kuziona sayari zenyewe. Rai yangu katika makala haya ni kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vinapaswa kushika darubini na kamera, kupiga picha za sayari, na kuzichapisha kwa majina yake stahiki. Nawalenga hasa wenzetu wa Kisii na Nyamira, ambako mawingu ndiyo udhuru wa kwanza utakaotolewa.

Tuanze na majina. Sayari tano zinazoonekana kwa macho matupu zilijulikana tangu kale, na Waswahili walizipokea pamoja na majina yake ya Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Yaelekea mkanganyiko ulizuka pale watunzi wa orodha za shule walipotaka kuifuata orodha ya Kiingereza jina kwa jina. Kwa Kiingereza, sayari ya kwanza na ile metali ya majimaji iliyokuwa ikitiwa katika vipimajoto zina jina moja. Basi sayari ikaitwa Zebaki, ambalo kwa asili ni jina la metali tu. Utaridi likabaki bila mwenyewe, likapewa Pluto. Kausi, Sumbula na Sarateni nayo yakaletwa kuziba mapengo, ilhali hayo ni majina ya buruji. Kausi ni upinde, yaani buruji ya Mshale. Sumbula ni suke, yaani Mashuke. Sarateni ni kaa, neno lile lile lililotupa jina la ugonjwa wa saratani. Buruji ni kundi la nyota, na sayari hupita mbele yake katika safari zake. Kuiita sayari kwa jina la buruji ni sawa na kumwita abiria kwa jina la kituo cha matatu.

Kuhusu sayari mbili za mwisho, hatuna haja ya kuhangaika. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1781 na ya pili mwaka 1846, zote kwa darubini, kwa hiyo hazikuwa na majina ya kale ya kurithiwa. Waarabu wenyewe waliyakopa majina ya Kizungu. Sisi nasi tukisema Uranusi na Neptuni hatutakuwa tumepungukiwa na lolote. Pluto nayo, iliyogunduliwa mwaka 1930, iliondolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006, kwa hiyo haina sababu ya kuendelea kushikilia jina la Utaridi.

Yamkini msomaji atauliza: je, masahihisho haya hayawezi kufanywa kwa kamusi tu, pasipo darubini? Yanaweza kuandikwa, lakini hayatakaa kichwani. Aliyeitazama Zuhura kupitia darubini akaiona ikiwa hilali kama mwezi mchanga, akaiona Mshtarii na mikanda yake pamoja na ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, kisha akaikuta Zohali imevaa pete, hatakubali tena kuambiwa kwamba Zohali ni jina la Uranusi. Ameshajua jina ni la nani. Picha humsaidia zaidi, kwa kuwa ni ushahidi unaoweza kuwekwa mbele ya darasa zima na kubishaniwa.

Sasa tuje kwenye mawingu. Kisii na Nyamira zimo katika nyanda za juu zilizo mashariki mwa Ziwa Viktoria. Mchana upepo wenye unyevu hutoka ziwani, hupanda milima na kukutana na pepo zitokazo mashariki. Matokeo yake ni ngurumo za alasiri na mvua ya mawe ambayo wakulima wa chai wa Nyamira wanaijua vyema. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Hata hivyo, mawingu yanayozaliwa na joto la mchana mara nyingi hupungua nchi inapopoa, na usiku wa manane au alfajiri hujitokeza mianya. Isitoshe, eneo hili lina neema ambayo wapiga picha wa Ulaya huionea wivu. Mji wa Kisii uko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, kwa hiyo sayari inapofika kileleni mwa njia yake huwa juu ya upeo kwa zaidi ya digrii 60. Mwaka 2020 mtazamaji wa London aliiona Mshtarii ikijikokota kiasi cha digrii 15 tu juu ya upeo, nuru yake ikipenya hewa nene yenye kutikisika. Wakati huo huo mtu wa Manga au Keroka aliweza kuitazama ikiwa karibu na utosi wake.

Upigaji picha wa sayari, tofauti na ule wa nyota hafifu, hauhitaji usiku mzima wa anga safi. Sayari hung'aa kiasi cha kupenya wingu jepesi. Anayepiga hachukui picha moja, bali hurekodi video ya dakika mbili au tatu, yenye maelfu ya fremu. Nyingi huharibiwa na mtikisiko wa hewa au na wingu linalopita. Chache huwa safi. Programu ya tarakilishi, kama vile AutoStakkert au RegiStax, ambazo hupatikana bila malipo, huzipima fremu zote, huchagua zilizo bora na kuzirundika moja juu ya nyingine hadi picha itulie. Video ya Mshtarii haifai kurefushwa sana, maana sayari hiyo hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10 na alama zake husogea. Ndiyo kusema kwamba mwanya wa dakika tatu baina ya mawingu mawili unatosha. Kinachotakiwa ni mtu aliye tayari: darubini imetolewa nje mapema ili ipoe sawa na hewa, vioo vimesawazishwa, na kitambaa kipo cha kuikinga na umande. Tahadhari ni moja: asielekeze darubini upande wa jua kamwe, na Zuhura na Utaridi zisubiriwe jua lizame.

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa lugha inapodhihirika. Katika aya iliyotangulia nimesema kurundika fremu, kusawazisha vioo, mtikisiko wa hewa. Je, maneno hayo yanafaa? Sijui mahali pengine pa kuyapima isipokuwa uani, usiku, watu watatu wakiwa wameizunguka darubini na mmoja akihitaji kuambiwa upesi afanye nini. Istilahi isiyofahamika hapo haitafahamika popote. Tumezoea kuunda istilahi mezani kisha kuzihifadhi katika orodha, halafu tukalalamika kwamba hazitumiki. Wahenga wa pwani hawakufanya hivyo. Waliitazama Kilimia kwa sababu ya kilimo, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lilishikamana na kazi, ndiyo maana limedumu.

Wapo watakaosema kuwa anga ni mambo ya idara ya fizikia. Nawakumbusha kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani, nayo ikaitwa Uhuru. Neno letu lilifika angani zamani. Tuliobaki nyuma ni sisi wenye lugha. Wapo pia watakaotaja gharama, na hoja yao ina uzito, kwani darubini nzuri si kitu cha mfuko wa mwanafunzi mmoja. Lakini chama kinaweza kununua moja na kuitumia kwa miaka mingi. Kwa kuanzia, hata darubini ya mkononi ya macho mawili ikishikwa imara huonyesha miezi minne ya Mshtarii, na rununu ikiegemezwa kwenye lenzi ya kutazamia hurekodi video inayofaa. Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wameonyesha kwa kuzipelekea shule darubini kwamba watoto wa kawaida huipokea elimu hii kwa hamu. Kinachosalia ni kuitoa kwa Kiswahili kilichonyooka.

Napendekeza basi mambo matatu. Mosi, jarida hili litenge ukurasa wa picha za anga zilizopigwa na wanachama, kila picha ikiwa na jina la sayari, mahali, tarehe na maelezo ya Kiswahili. Pili, tukubaliane kutumia majina matano ya kale pamoja na Uranusi na Neptuni, na kuyarudisha ya buruji kwa buruji. Tatu, walimu wanafunzi wanaokwenda mazoezini katika shule za Kisii na Nyamira wabebe picha hizo darasani, kwa maana ndiko orodha zenye makosa zinakokaririwa hadi leo. Mtoto wa Nyamira anayeandika Sarateni chini ya mchoro wa sayari yenye pete hana kosa, tumemfundisha sisi. Tusisubiri anga itakate ndipo tuanze kumsahihisha.