Sola ya Bwera: msamaha wa kodi hauvuki Mpondwe

Mto Mubuku huzalisha umeme, na mtambo wa Bugoye wa megawati 13 ulianza kazi mwaka 2009. Hata hivyo, nyaya hazijafika kila kijiji cha milimani Kasese. Mpango wa serikali wa kuunganishia wateja umeme bure, ulioanza 2018, ulisitishwa 2020. Pengo hilo ni soko la sola.

Soko hilo huyumbishwa na kodi. Kenya ilirudisha VAT kwenye vifaa vya sola katikati ya 2020, ikaiondoa Julai 2021. Aliyenunua dukani Nairobi bila hati za kusafirisha nje aliibeba kodi hiyo hadi Bwera.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni rahisi kudhani kuwa paneli iliyosamehewa ushuru Uganda itapita Kasindi bure. Sivyo. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Paneli ya China haimo, hata ikikaa ghalani Kampala mwaka mzima.

Aidha, bajeti ya Uganda huanza Julai, ya Kongo Januari. Mzigo ulioagizwa kwa hesabu ya zamani unaweza kukuta kodi mpya mpakani.

Kwa hiyo mzigo wa Kongo uandikishwe kuwa wa kupita tangu bandarini, na ankara itenganishe paneli, betri na televisheni. Vikichanganywa, msamaha wa kimoja unaweza kupotea, na faida ikaishia forodhani.