Faili Usiyoweza Kuifungua Si Yako

Ukikulia Webuye, kemia unaijua kwa pua kabla ya kuisoma darasani. Kabla mitambo ya Pan Paper kuzimwa 2009, harufu ya salfa ilikuwa inakuamsha asubuhi na kukulaza usiku. Sote tulijua kuna kemia nyuma ya ukuta ule. Kuiona ndio ilikuwa shida.

Siku hizi ukuta umehamia kwa laptopu. Kabla sijaacha chuo kwa sababu ya karo, nilifanya jaribio moja la maabara kwa wiki tatu. Mashine ikahifadhi matokeo kwa faili inayosomeka na programu ya kampuni iliyoiunda, basi. Leseni ilikuwa ya kompyuta moja tu, na foleni yake usiulize. Mimi, kama wasee wengi, nikatafuta nakala ya wizi pale saiba. Ikaja na virusi, laptopu ikalala. Matokeo yangu bado yako kwa flashi. Naona jina la faili, ndani siingii.

Sasa linganisha na hii. Chumvi, sukari, madini na dawa nyingi ni fuwele, yaani chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia. Watafiti huzimulika kwa eksirei kujua kila chembe imekaa wapi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, muungano wao wa kimataifa, IUCr, umekuwa na aina moja ya faili ya kuandikia matokeo hayo: CIF. Ni maandishi matupu. Fungua CIF ya chumvi ya jikoni kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ya simu, na utasoma mwenyewe kwamba kisanduku kimoja cha mpangilio wake kina upande wa angstromu 5.64. Kampuni yoyote ikifilisika kesho, faili hiyo bado itasomeka.

Unazipata wapi? Kuna hifadhi inaitwa Crystallography Open Database, iliyoanza 2003. Ina miundo zaidi ya 400,000, na kupakua ni bure. Iko pia hifadhi ya Cambridge, iliyoanza 1965, yenye miundo zaidi ya milioni moja. Hiyo unaweza kutazama muundo mmoja mmoja bure, lakini zana zake kamili zinataka leseni. Wenyewe wana mpango wa kuwapa leseni bure baadhi ya watafiti wa nchi zisizo na uwezo. Asante kwao. Ila nguo ya kuazima haisitiri maungo. Leseni ya hisani huisha siku aliyekupa akiamua.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya. Panda matatu hapa Webuye, pita Turbo, ufike Eldoret. Mwaka 2012, shule ya ASESMA, inayowafundisha watafiti chipukizi wa Afrika kukokotoa tabia za maada kwa kompyuta, ilifanyika Chepkoilel, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Miongoni mwa programu inazofundishia ni Quantum ESPRESSO. Programu hii ina leseni ya GPL: itumie, fungua ndani uone ilivyoundwa, ibadilishe, mpe rafiki. Sharti ni kwamba ukisambaza uliyoibadilisha, nawe uwaachie wengine uhuru huo huo. Kwa hivyo bure hapa haimaanishi haina sheria. Inamaanisha sheria iko upande wako.

Najua utaniambia nini. Ati programu hizi ni ngumu, ni skrini nyeusi isiyo na vitufe. Ati waajiri wanataka zile za kulipia. Ni kweli, ya kwanza itakutoa jasho wiki mbili tatu. Ya pili pia ina ukweli, na ukipata leseni halali ya chuo, jifunze nayo. Lakini ukimaliza masomo, leseni ya chuo inabaki getini. Ulichojifunza kwa programu huria unaenda nacho nyumbani, iwe Misikhu au Kitale.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wa sayansi wa Kibabii, Masinde Muliro na vyuo vyote vya huku: mwanafunzi akimaliza jaribio, apewe matokeo yake kwa maandishi matupu pia, si faili ya mashine peke yake. Mashine nyingi zina sehemu ya kutoa data hivyo. Ni kubonyeza tu. Na chuo kikinunua mashine mpya, swali la kwanza liwe, "Data tutaitoaje?" Bei ifuate.

Na wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa stejini, acha kujisifu kwa programu ya wizi. Hujamshinda mtu. Umejifunga kwa kufuli la mtu mwingine, na ufunguo ulio nao ni wa kuvunjika. Leo jioni pakua Avogadro, programu huria ya kuchora molekuli, kwa laptopu yako au ya saiba. Kisha tafuta CIF moja, hata ya chumvi, uifungue kama maandishi, uisome.

Mimi ya kwangu iko kwa flashi, miaka inaenda. Ya kwako isiishie hapo.