Kampuni kubwa ya vitabu, mteja mmoja

Ukimwambia msee umepata kazi kwa kampuni kubwa ya vitabu, anakuona umekaa dirishani na kikombe cha kahawa, unasoma riwaya na kulipwa. Hata mimi niliwaza hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, rafiki akanipigia simu: kuna kibarua cha kusoma prufu Industrial Area, wiki sita, malipo ni kwa ukurasa.

Siku ya kwanza nilipewa kalamu nyekundu na kitabu cha kilimo cha shule ya msingi. Kazi ilikuwa kuhesabu mbuzi. Mchoro ulikuwa na mbuzi watatu, swali chini yake likasema wanne. Usicheke. Vitabu vya shule hukaguliwa na KICD, na kisichopata ithibati ya taasisi hiyo hakiendi darasani. Pesa zote zilizotumika kukiandaa zinabaki hasara. Mbuzi mmoja ana bei yake.

Kusema kweli nilijifunza mengi pale kuliko chuoni. Kwamba mchoro ukibadilika, swali, jibu na mwongozo wa mwalimu lazima vibadilike pia. Kwamba mhariri mzuri anajua mtoto atakwama wapi, na si ajabu, maana wahariri wengi wa pale walikuwa walimu zamani. Usiku wa mwisho kabla ya kuwasilisha vitabu tulikesha ofisini kwa chapati na maharagwe: mimi, mchoraji na mpangaji kurasa, wote vijana, wote vibarua.

Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza mhariri wetu kuhusu mswada wangu wa hadithi fupi. Hakunidharau. Alivua miwani akaniuliza, "Kijana, nikishachapisha, nani atanunua?"

Nilikasirika, lakini hesabu yake ilikuwa sawa. Zamani serikali ilituma pesa shuleni na shule ikachagua vitabu dukani. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, nao wanavipeleka hadi shuleni. Ukishinda zabuni ya somo moja unachapisha nakala kwa mamia ya maelfu. Ukishindwa, unabaki na stoo iliyojaa. Riwaya ya Kiswahili nayo inauzwa sana ikiteuliwa kutahiniwa. Chozi la Heri yake Assumpta Matei ilikuwa mikononi mwa kila mtahiniwa wa KCSE, kisha zamu ikawa ya Nguu za Jadi yake Clara Momanyi. Ikitoka kwenye orodha, watu wanaisahau. Na juu ya yote tangu 2013 kitabu kinatozwa VAT ya asilimia 16, kama vile ni kifaa cha starehe.

Sasa, ukiwa na mteja mmoja, akichelewa kulipa unafanyaje? Wachapishaji wamelalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba wanaidai serikali mabilioni. Gazetini hiyo ni habari ya wakurugenzi. Ofisini ni habari ya kibarua. Mhariri wa kudumu anacheleweshewa mshahara, mchapaji anaahidiwa wiki ijayo, na wewe unayelipwa kwa ukurasa unaambiwa, "Tutakuita." Sisi watatu tuliambiwa hivyo. Malipo yangu yalikuja baada ya miezi minne, kwa vipande, na kitabu kilipotoka jina la mchoraji halikuwemo. Ule ukurasa wa mbele una nafasi ya kutosha, niliupima mwenyewe.

Sitaki kusikia kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 1980 Heinemann ya hapa Nairobi, chini ya Henry Chakava, ilichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ya Kigikuyu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika akiwa kizuizini Kamiti. Kampuni hiyo iliuza vitabu vya shule pia. Hakuna mtihani uliolazimisha mtu kuisoma, na watu waliisoma kwenye mabasi na kwenye baa.

Kwa hivyo Wizara ilipe madeni yake kabla ya kutangaza zabuni nyingine, na Bunge liondoe ushuru huo. Lakini wachapishaji pia wasijifiche nyuma ya Wizara. Kibarua apewe mkataba wenye tarehe ya malipo, hata kama ni wa wiki sita, na mchoraji aandikwe jina. Zabuni ikiingia, watenge kiasi fulani kwa vitabu vya watu waliomaliza shule. Sisi tunaopita Moi Avenue tukikagua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini ni wateja pia, ni vile tu hakuna aliyejisumbua kutuuzia.

Mpwa wangu anatumia kile kitabu cha kilimo. Juzi nilikifungua kuangalia. Mbuzi ni wanne.