Goma–Kinshasa: kilomita ni zile zile, safari si ile tena

Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa njia ya anga, ni karibu kilomita 1,560. Ndege ya abiria ilikuwa inazimaliza kwa masaa mawili na kidogo. Na kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, aliyeondoka Goma saa nne asubuhi alishuka N'djili kabla ya saa sita ya kule.

Safari hiyo ilikatika mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa. Wiki chache baadaye, uwanja wa Kavumu unaohudumia Bukavu ukafungwa pia.

Tufanye hesabu. Msafiri wa Goma anavuka mpaka kwa mguu, anapanda gari mpaka Kigali, karibu kilomita 160. Anaruka mpaka Nairobi, karibu 760, kisha anarudi magharibi mpaka Kinshasa, karibu 2,400. Jumla inapita 3,300, yaani zaidi ya mara mbili. Masaa mawili yamekuwa siku nzima, pengine na usiku wa kulala njiani. Na Mkongomani anaonyesha pasipoti katika nchi za wengine ili afike mji mkuu wa nchi yake.

Asiye na pasipoti afanye nini? Barabara nzuri ya kuunganisha miji hii miwili haipo. Mto, kutoka Kisangani kushuka Kinshasa, una kilomita karibu 1,700, na mashua huweza kuchukua majuma. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa hawezi kungoja majuma. Familia yenye msiba pia haiwezi.

Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kwamba haikushirikishwa. Dawa na chakula vifike, hakuna wa kupinga hilo. Lakini abiria wa kawaida hakutajwa, kana kwamba kusafiri ndani ya nchi yake ni anasa.

Hofu ya usalama ina msingi: uwanja unaopokea dawa unaweza kupokea silaha. Lakini hofu hiyo inajibiwa kwa ukaguzi wa upande usio katika vita, kwa ndege za mchana na ratiba inayojulikana na wote. Kuuacha umefungwa bila tarehe si jibu.

Serikali na AFC/M23 walikutana Doha mwaka 2025. Safari za raia ziwekwe mezani katika mazungumzo yao, pamoja na tarehe. Nchi inayosema ni moja haiwezi kuwazungusha watu wake nchi mbili za kigeni ili wafike nyumbani.