Kumlikiza Mtoto Kusiwe kwa Pupa

Mtoto akishaota meno na kuanza kusimama dede, mama yake hapungukiwi na washauri. Huyu humcheka kwamba ananyonyesha jitu zima, na yule humtisha kwamba akimwachisha ziwa mtoto atakonda. Mimi naona maneno yamezidi, na anayeumia ni mtoto.

Kwetu Pwani lipo neno kubemenda. Mama akishika mimba angali ananyonyesha, husemwa kuwa maziwa yake yameharibika na kwamba mtoto atabemendwa. Basi kwa hofu na aibu mama hupaka shubiri au pilipili kwenye chuchu siku ile ile. Mtoto wa miezi minane hujikuta hana ziwa, na chakula chake ni uji mtupu wa mahindi.

Wazee wetu hawakuwa vipofu. Waliona kweli kwamba mtoto hudhoofika mwenziwe anapokuja. Waga wa Ghana waliyaona hayo pia, wakayaita maradhi hayo kwashakoo, jina ambalo daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Yeye aliyahusisha na chakula cha mahindi anachopewa mtoto aliyeondolewa ziwani. Mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu. Kinachomdhuru mtoto ni kunyang'anywa maziwa bila kupewa badala yake. Mama mjamzito aulize kliniki kabla ya kukimbilia shubiri.

Je, wakati wa kumlikiza ni upi? Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 au zaidi. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Baqara, inataja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza, na inaruhusu kuachisha kabla ya hapo wazazi wote wawili wakiridhiana na kushauriana. Basi akina baba wasijitie pembeni kana kwamba hili ni jambo la jikoni tu.

Najua wapo akina mama wanaorudi kazini baada ya likizo ya miezi 3. Hao wajue kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Waidai haki hiyo bila haya.

Na siku ikifika, tuchague wakati mtoto ni mzima, si anapoharisha au kuwa na homa. Tumpunguzie kidogo kidogo, tukianza na ziwa la mchana na kuliacha la usiku liwe la mwisho. Sahani yake iwe na maharagwe, yai, omena au samaki, na matunda. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla ya kuuliza kama ameshakuwa mkubwa mno kunyonya, na tuulize kwanza: atakula nini?